Mzee Si Ghala: Tuwafunze Wanafunzi Kuuliza Swali la Pili

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kumwandaa mtahiniwa wa kidato cha nne anaijua orodha hii. Mwanafunzi hufunzwa mbinu za kukusanya fasihi simulizi nyanjani: mahojiano, hojaji, kushuhudia, kushiriki, kurekodi. Kisha hufunzwa manufaa ya mahojiano, na baada ya manufaa hufunzwa udhaifu wake. Huyakariri yote, la kwanza hadi la tano, na siku ya mtihani huyamwaga karatasini kama alivyoyapokea. Alama hupatikana. Lakini hebu mwulize mwanafunzi huyo huyo: wewe mwenyewe umewahi kumhoji nani? Atakutazama kama mtu aliyeulizwa iwapo amewahi kufika mwezini.

Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza upande wa Meru nilikozaliwa, kisha Embu nilikohamia na kuanza maisha. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa wale wanaofundisha kuogelea kwa chaki na ubao. Ndiyo maana leo nataka kuyatetea mazungumzo yenyewe: yale marefu, ya kukaa kitako, ambamo mtu humwuliza mwenzake anafikiri nini na kwa nini anafikiri hivyo. Nadai kwamba ni vigumu kupata njia bora kuliko hiyo ya kuijua akili ya binadamu. Nadai pia kwamba njia hiyo imewahi kutumiwa papa hapa kwetu kwa mafanikio, na kwamba shule zetu zimeipa kisogo wakati ule ule zinapoihitaji zaidi.

Niruhusu, msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mapema katika miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili isiyo mbali na mji wa Embu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya likizo: kila mmoja amwendee mzee, akusanye methali kumi za lugha ya mama, azifasiri kwa Kiswahili na kueleza maana. Shule ilipofunguliwa nilipokea rundo la madaftari. Kila daftari lilikuwa na methali kumi, ingawa zilifanana kiasi cha kunitia shaka kwamba wazee hao wote walikuwa mzee mmoja. Daftari moja tu lilikuwa tofauti. Msichana mmoja alikuwa ameandika methali moja, na chini yake kurasa tatu za ubishi.

Methali yenyewe ilikuwa na maana sawa na ile tuliyoizoea sote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyanyake alikuwa ameitaja, kisha akasema kwamba yeye haiamini. Msichana akamwuliza kwa nini. Nyanya akaeleza kwamba alipokuwa mdogo alitamani sana kwenda shule ya misheni. Babake akakataa, naye akasikia la mkuu. “Guu langu mimi lilivunjwa na kusikia,” alisema. Mjukuu hakukomea hapo. Akauliza: “Cucu, je, nami nisikusikie wewe?” Nyanya akacheka, akanyamaza kidogo, kisha akajibu: “Nisikie, halafu uniulize kwa nini. Nikishindwa kukujibu, basi katika jambo hilo usinisikie.”

Nilimpa alama moja kwa kumi, kwa kuwa niliagiza methali kumi naye aliniletea moja. Niliandika kwa wino mwekundu: “Soma maagizo.” Muhula ule wote msichana yule hakuinua mkono tena darasani.

Ilinichukua miaka kadhaa kutambua nilichokuwa nimekishika mikononi siku ile. Nilikitambua nilipokisoma kitabu cha marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kiitwacho Sage Philosophy, kilichochapishwa mwaka 1990.

Ikumbukwe kwamba kukusanya maneno ya wazee halikuwa jambo geni katika sehemu zetu. H. S. K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere kuhusu asili na historia yao, na mwaka 1974 kikachapishwa kitabu cha Embu Historical Texts kilichohifadhi maneno hayo. Kwa upande wa Meru, karibu na mwaka 1970, Mmarekani Jeffrey Fadiman alizungumza na wazee wengi, na baadaye akaandika historia ya Wameru kutokana na kumbukumbu zao. Hiyo ni kazi ya thamani isiyokadirika. Bila watu wa namna hiyo, mengi tunayoyajua kuhusu babu zetu yangekuwa yamezikwa pamoja nao.

Hata hivyo, mwanahistoria humwendea mzee kwa lengo maalumu. Anataka kujua yaliyotokea na jinsi jamii ilivyoishi. Mzee hapo ni shahidi. Odera Oruka alikuwa na swali jingine. Yeye alitaka kujua mzee huyo, yeye binafsi, anafikiri nini, na kama anaweza kulitetea wazo lake linapopingwa.

Tuelewe kilichomsukuma. Oruka alizaliwa mwaka 1944, akasomea Uswidi na Marekani, na mwaka 1970 akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizo wasomi walikuwa wakizozana vikali kuhusu iwapo Afrika ina falsafa. Wapo waliosema haina, ina mila tu. Wapo wengine, wakifuata nyayo za mmisionari Mbelgiji Placide Tempels aliyeandika kuhusu falsafa ya Wabantu mwaka 1945, waliosema kwamba falsafa ipo, lakini ni mali ya kabila zima, imo katika lugha, methali na desturi. Oruka hakuridhika na kundi lolote kati ya hayo mawili. Kundi la kwanza lilimdharau Mwafrika waziwazi. La pili lilimsifu, lakini kwa sifa yenye sumu ndani yake: lilimfanya Mwafrika kuwa mtu asiyefikiri peke yake, ila huimba tu pamoja na kwaya ya ukoo.

Kwa hiyo, kuanzia miaka ya 1970, Oruka na wanafunzi wake waliingia vijijini. Waliwatafuta watu ambao jamii zao ziliwatambua kuwa wenye hekima, wengi wao wakiwa hawana elimu kubwa ya shule. Waliketi nao, wakawauliza kuhusu Mungu, kifo, haki, usawa, ukweli na sheria. Waliyasikiliza majibu kisha wakayapinga, ili waone mzee atafanya nini.

Hapo ndipo Oruka alipobainisha jambo ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Aligundua kwamba wenye hekima ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyebobea katika hekima ya jamii yake. Anazijua methali, miiko na sababu zinazotolewa na jamii. Lakini ukimpinga, hurudia kwamba ndivyo tulivyoachiwa na wahenga. Wa pili anayajua hayo yote, lakini anaweza pia kuyasimamia kwa mbali na kuyapima. Atakwambia jamii yangu yaamini hivi, ila mimi nadhani imekosea, na sababu zangu ni hizi. Huyu wa pili Oruka alimwita mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma wala kuandika.

Mfano mzuri ni Paul Mbuya Akoko, aliyekuwa Ker wa Waluo, yaani kiongozi na msemaji wa mila zao. Ungemtarajia mtu wa cheo hicho atetee kila kitu cha jadi. Lakini alipoulizwa kuhusu Mungu, alieleza kwamba Waluo wa kale walikosea walipodhani kuwa wana Mungu wao na mataifa mengine yana wao; Mungu ni mmoja kwa wote. Meru nayo ilikuwa na mtu wake katika kitabu hicho: Stephen M'Mukindia Kithanje. Badala ya kukariri alichofunzwa na ukoo au na kanisa, alianza na alichokiona kwa macho yake katika maumbile, kwamba uhai huzuka pale joto na baridi vinapokutana kwa kadiri inayofaa, na kwa hoja hiyo akajaribu kulikaribia swali la Mungu. Yumo pia Njeru wa Kanyenje, jina ambalo msomaji wa Embu halimpigi chenga, ambaye alizitilia shaka dini zote zilizoletwa na wageni na hakuona haya kusema hivyo mbele ya waliomhoji. Si lazima ukubaliane na yeyote kati ya hao watatu. Mimi mwenyewe sikubaliani na mmoja wao. Lakini baada ya kuwasoma huwezi tena kusema kwamba wazee wetu walikuwa na mawazo mamoja kama mbegu za ganda moja.

Kuna msemo tunaoupenda sana shuleni, wa kumfananisha mzee na maktaba. Ni msemo wenye heshima, nami nimeutumia mara nyingi. Siku hizi nauogopa. Maktaba haibishani na vitabu vyake. Tukimfanya mzee kuwa maktaba, au ghala, tutamwendea na gunia, tutalijaza, tutashukuru na kuondoka. Hatutamwuliza kama nafaka aliyotupa yeye mwenyewe huila.

Kwa kweli, Oruka hakukosa wapinzani. Mwanafalsafa wa Nigeria Peter Bodunrin alihoji: kama mzee anayasema hayo kwa kuwa msomi wa chuo kikuu amemchokoza kwa maswali, falsafa hiyo ni ya mzee au ni ya msomi? Ni swali zito, na kila anayehoji watu lazima alijibu moyoni. Oruka alijibu kwa kumkumbusha Socrates wa Ugiriki, ambaye hakuandika kitabu hata kimoja na ambaye alijifananisha na mkunga. Mkunga haleti mtoto kutoka nyumbani kwake. Humsaidia mama kumzaa yule aliye tumboni. Swali zuri hufanya kazi hiyo hiyo. Naongeza langu: mkunga asiyejua kazi anaweza kumdhuru mama na mtoto. Vivyo hivyo, anayeuliza swali lenye jibu ndani yake hapati wazo la mzee. Hupata mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Labda msomaji atasema, hayo ni mambo ya wazee na wanafalsafa. Akili ya mtoto wa shule hupimwa kwa mtihani. Vyema. Hebu basi tuutazame mtihani, na kwa bahati njema hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa watoto wa Embu ni maarufu miongoni mwa wataalamu wa akili duniani, ingawa wazazi wengi wa Embu hawana habari.

Mwaka 1984, na tena mwaka 1998, watafiti waliwapima watoto wa Embu wa umri wa karibu miaka saba. Miongoni mwa vipimo kulikuwa na kile kinachoitwa Raven, ambacho hakihitaji kusoma: mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo na kutakiwa achague kipande kinacholiziba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika miaka hiyo 14 alama za watoto kwenye kipimo hicho zilikuwa zimepanda kwa kiwango kinacholingana na takriban alama 26 za kipimo cha akili cha IQ. Ni ongezeko kubwa mno. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Watafiti walielekeza vidole kwenye mambo mengine: wazazi waliosoma zaidi, familia zenye watoto wachache zaidi, lishe na afya.

Kuhusu lishe kulikuwa na ushahidi mwingine. Kuanzia mwaka 1998, katika eneo la Kyeni huko huko Embu, shule 12 za msingi ziligawanywa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama waliendelea vizuri kuliko makundi mengine yote katika kipimo kile cha michoro. Ndugu zangu, tulikuwa tukimwita mtoto mjinga kumbe ana njaa!

Natoa funzo gani katika tarakimu hizo? La kwanza ni kwamba akili si jiwe. Hupanda kwa chakula, kwa mzazi anayesoma, kwa mtoto kupata mtu wa kumsikiliza. La pili ni kwamba lazima tuwe waangalifu tunaposema tumeipima. Iwapo alama 26 zinaweza kuongezeka kati ya mtoto wa 1984 na wa 1998, je, tuseme kizazi cha 1984 kilikuwa cha wapumbavu? Hao wa 1984 leo ni watu wazima wa makamo. Wamo miongoni mwao walimu, wauguzi, mafundi na wakulima.

James Flynn, msomi wa New Zealand aliyefariki mwaka 2020 na ambaye jina lake limepewa jambo hilo la alama kupanda kutoka kizazi hadi kizazi, alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi. Katika kulieleza alipenda kurejelea mazungumzo ambayo Mrusi Alexander Luria alifanya na wakulima wa Uzbekistan mwanzoni mwa miaka ya 1930. Luria aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Kisha akawatajia mahali fulani huko kaskazini na kuwauliza dubu wa hapo ni wa rangi gani. Mkulima mmoja alijibu kwamba yeye amewahi kuona dubu mweusi tu, na kwamba asichokiona hawezi kukisemea. Kwenye karatasi ya mtihani angepata sifuri. Lakini Luria hakumpa karatasi. Alizungumza naye, akaendelea kuuliza, na kwa hiyo tunaiona sababu ya jibu: mtu huyo alikuwa na kanuni yake ya ushahidi, kama shahidi mwaminifu mbele ya hakimu. Alikataa kuapia jambo la kuambiwa. Mtihani ungetuonyesha kwamba amekosea. Mazungumzo yalituonyesha alivyofikiri.

Hata hapa Kenya tuna ushahidi wa aina hiyo. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis wa Kokwet na kuwasikiliza wazazi wakiwaeleza watoto wao. Walipata kwamba neno lao la akili, ng'om, lilibeba ndani yake pia uwajibikaji: mtoto anayetumwa akatumika, anayeona kazi akaifanya bila kusukumwa. Tena wazazi waliitenga akili ya nyumbani na akili ya shuleni; mtoto aliweza kuwa nayo moja akaikosa ya pili. Kiswahili nacho kinalijua jambo hilo. Kina akili, werevu, busara, hekima, maarifa na ujanja, na hakuna mzee wa Kiswahili atakayekubali kwamba maneno hayo sita ni kitu kimoja. Mtihani hupima moja, labda mawili, kisha hutoa hukumu juu ya yote.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazojibu swali lolote kwa lugha fasaha, zile zinazoitwa akili unde. Mwanafunzi mwenye simu huiuliza swali la insha na kabla hajakohoa amepata kurasa mbili. Nimewahi kuletewa insha zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Walimu wenzangu wanalalamika, nami niliungana nao, hadi nikajiuliza: ni nani aliyewafundisha hawa kwamba elimu ni kulipata jibu la kwanza na kulinakili? Si mashine. Mashine imekuja juzi. Mimi ndiye niliyeagiza methali kumi.

Sisemi mashine hiyo ni mbaya. Inajua mengi kuliko mimi, na kwa mwanafunzi wa Mbeere au Tharaka asiye na maktaba karibu inaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini hilo ndilo ghala kubwa kuliko maghala yote: limejazwa yaliyokwisha kuandikwa. Ukiiuliza maana ya methali ya mkuu na guu, itakueleza vizuri sana. Ukiipinga, huenda hata ikakubaliana nawe kwa adabu. Lakini haijawahi kunyimwa shule na babake. Nyanya yule alipoikataa methali, aliikataa kwa maisha yake yote. Mashine haina guu la kuvunjika.

Naam, tufanye nini? Napendekeza jambo moja dogo. Kila mwanafunzi wa shule ya upili, kabla hajamaliza, afanye mazungumzo marefu na mtu mmoja, saa nzima au zaidi, kuhusu jambo moja. Si lazima awe mzee wa Njuri Ncheke. Aweza kuwa fundi wa pikipiki wa Chuka, mkulima wa miraa wa Igembe, muuguzi, mtafiti wa mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Embu, au mama anayeuza ndizi sokoni. Na wanawake wasisahauliwe, kwani hata katika kitabu cha Oruka ni wachache mno, nalo ni pengo. Mwanafunzi asihesabiwe majibu aliyoyakusanya. Apewe alama kwa maswali yake ya pili: yale aliyoyauliza baada ya kusikia jibu, ambayo asingeweza kuyaandika nyumbani kabla hajaenda.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni muda. Silabasi ni ndefu na darasa lina wanafunzi hamsini. Ni kweli. Lakini kama tunapata muda wa kufundisha manufaa matano ya mahojiano, hatuwezi kukosa muda wa kuyafanya mara moja. Tena mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, unataja mawasiliano na fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Fikra tunduizi haifundishwi kwa kuandika neno hilo ubaoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni adabu. Mtoto wa Meru au Embu hakulelewa kumpinga mzee, na mimi sitaki aanze leo. Lakini kuuliza si kutusi. Zipo njia. “Mzee, nimekusikia, kuna mahali hapajaniingia, nieleweshe.” Au: “Mzee, mtu akija akakwambia kinyume cha hayo, utamjibuje?” Hapo ubishi umewekwa kinywani mwa mtu asiyekuwepo, mzee ameheshimiwa, na wazo limepimwa. Nimeona wazee wakichangamka kwa swali la namna hiyo. Wengi wao hawajawahi kuulizwa wanachofikiri. Wameulizwa tu wanachokumbuka.

Mwisho, mazungumzo hayo yasiishie kwenye madaftari yatakayofungiwa chapati. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, tuna cha Chuka, na tuna kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, eneo lile lile lenye makao ya Njuri Ncheke. Vyuo hivyo viyapokee yaliyo bora, vikiwa na idhini ya waliohojiwa, vikayahifadhi kwa lugha yaliyosemwa na kwa tafsiri ya Kiswahili. Oruka alifariki ghafla mnamo Desemba 1995. Kazi aliyoianza vijijini kwetu haihitaji kungoja profesa mwingine. Inahitaji mwanafunzi mwenye kalamu, masikio na ujasiri wa kusema “kwa nini”.

Msichana wa daftari lile simjui aliko. Huenda leo ana watoto wanaoleta kazi ya likizo nyumbani. Kama anayasoma haya, namwomba radhi, na namjulisha kwamba nimeisahihisha upya kazi yake. Niliagiza methali kumi. Angeniletea kumi ningezisahau zote.